Upinde wa ami: kisa cha mtoto wa miaka 7 huko Wawi

Mtoto ni wa kike, ana miaka 7, na kwao ni upande wa Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, Pemba. Ami yake anayeishi Maskati alimletea upinde zawadi ya Idi. Miezi michache baadaye upinde ulikuwa juu ya kabati la mama, umeviringishwa kanga kuukuu, na mtoto amekatazwa hata kuutaja. Hapo ndipo nilipoitwa, kwa sababu watu wa mtaani wanajua nilijifunza upinde nilipokuwa nasoma Istanbul, na kwa sababu babu wa mtoto hakuridhika na hukumu iliyotolewa. Nakieleza kisa kwa ruhusa yao, majina nikiyaacha.

Kila mmoja alinipokea na sababu yake. Mama alisema upinde ni silaha, haumfai mtoto. Kaka mtu, kijana wa miaka 15, alisema mdogo wake hana nguvu na hasikii. Bibi aliuliza tangu lini mtoto wa kike akavuta upinde. Babu hakusema kitu. Alimimina kahawa, akanisogezea kikombe. Baba mtu ni mvuvi na wakati huo alikuwa dago, yaani kwenye kambi ya wavuvi, kwa hiyo maamuzi yote yalikuwa ya hawa wanne.

Kwa maelezo ya mama, mwanzo ulikuwa furaha tupu. Ami mwenyewe aliutia uzi, akawaonesha namna ya kuvuta, kisha akarudi Maskati. Mwalimu akabaki kuwa kaka, ambaye elimu yake yote ya upinde ameitoa kwenye simu. Shabaha ilikuwa shina la mnazi nyuma ya jiko. Mishale mingine iligonga ikarudi ilikotoka, mmoja ukavunjika, na iliyoukosa mnazi iliishia kwenye njia ya kisimani. Mtoto alichapwa na uzi ndani ya mkono wa kushoto mpaka pakavimba. Alilia, na kesho yake akarudi tena, jambo ambalo mama alilitaja kwa kulalamika na mimi nikaliweka akilini kwa sababu nyingine.

Kilichomaliza mchezo ni mshale mmoja. Mtoto alivuta vizuri kuliko siku zote, na kwa sababu hiyo hiyo ncha ya mshale ikapita nyuma ya mahali unapolala, ikaanguka juu ya kidole gumba cha mkono ulioshika upinde. Lau angeachia, mshale ungeingia mkononi mwake. Kaka akaudaka uzi kabla haujaachiwa. Mama aliyaona yote hayo akiwa mlangoni mwa jiko, na kabla ya magharibi upinde ulikuwa juu ya kabati.

Niliomba kila kitu kishushwe kitandazwe kwenye mkeka, na nikaomba futi ya fundi cherehani.

Kwenye ubawa wa chini wa upinde mliandikwa 68 na 24. Namba ya kwanza ni urefu kwa inchi, yaani karibu sentimita 173. Mtoto ana sentimita 118. Ya pili ni nguvu ya kuvuta kwa ratili: 24, kama kilo 11 hivi. Familia nzima ilikuwa imeing'ang'ania hiyo ya pili, ndiyo maana kaka alisema mdogo wake hana nguvu. Lakini ratili zinazoandikwa kwenye upinde hupimwa uzi ukiwa umevutwa inchi 28, na huo ni mvuto wa mtu mzima. Nilimpima mtoto mikono ikiwa imenyooshwa wazi, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, nikapata sentimita 116. Ukigawa kwa 2.5 unapata makadirio ya mvuto wa mtu: kwake ni kama 46, inchi 18 tu. Akivuta hapo anabeba takriban nusu ya ratili zilizoandikwa. Ni nyingi kidogo kwa umri wake, ambao ratili 10 au pungufu zinatosha kabisa, lakini si hizo zilizomshinda.

Kilichomshinda ni uzito wa chombo chenyewe na urefu wake. Upinde ule umezidi kilo moja, na mkono wa mtoto ulitakiwa kuubeba ukiwa umenyooka mbele yake. Jaribu kushika mfuko wa kilo moja wa sukari mkono ukiwa umenyooka begani, kisha fikiria mwili wa kilo 21. Bega linapanda, kiwiko kinageukia ndani, na kiwiko kikigeukia ndani kinakaa kwenye njia ya uzi. Kule kuchapwa mkono kulitoka hapo. Ubawa wa chini ulikuwa unagonga goti lake, naye akawa anauinamisha upinde upande ili upite. Juu ya hayo, upinde mrefu namna ile ukivutwa inchi 18 haukunjiki vya kutosha, mshale unatoka umelegea na kuanguka njiani. Kaka alipoona unaanguka alimwambia alenge juu. Alipolenga juu, mshale ukaruka mnazi ukaenda kisimani. Kila kosa lilizaliwa na lililotangulia, na la kwanza kabisa lilifanyika dukani.

Kisha mishale. Ami alileta ya fiberglasi, mirefu, na urefu huo haukuwa kosa hata kidogo; kwa mtoto mshale mrefu ni salama. Kaka ndiye aliyeona haipendezi, akaikata mitatu kwa msumeno iwe saizi yake. Alipima wakati mtoto amevuta, akaacha sentimita moja mbele. Hesabu ilikuwa sahihi kwa mvuto wa siku ile, ambao ulikuwa mvuto wa mtoto aliyechoka na mkono uliokunjika. Siku aliyosimama vizuri, mshale ukawa mfupi. Kipimo cha kutumia ni hiki: mtoto anyooshe mikono mbele, viganja vikutane, tako la mshale likae kifuani na mshale upite katikati ya viganja. Ncha ivuke vidole kwa sentimita saba hadi kumi, kwa sababu mtoto anakua na kwa sababu kila akijua kusimama anavuta zaidi. Ile mitatu niliivunja mbele yao. Mishale ya fiberglasi iliyokatwa vibaya hutoa vibanzi vyembamba kama nywele, na vikiingia mkononi kuvitoa ni kazi.

Upinde ulikuwa umekaa na uzi wake tangu Idi. Niliuvua, nikapitisha pamba juu ya mbawa zote mbili kutafuta ufa, maana pamba hukamatwa na ufa ambao jicho halioni. Nilifanya hivyo kwa sababu mtoto alinong'ona kwamba binamu zake walikuwa wakiuvuta na kuuachia bila mshale. Hilo ni baya kuliko linavyoonekana: nguvu iliyokuwa iende kwenye mshale inarudi kwenye mbawa, na ubawa unaweza kupasuka usoni mwa mvutaji. Pamba haikukamatwa popote.

Mpaka hapo sikuwa nimemgusia mtoto upinde. Nilimwita, nikamwambia aunganishe mikono yake miwili akiacha kijitundu katikati, anyooshe, na anitazame puani kupitia kijitundu hicho. Mimi niliye upande wa pili naona ni jicho gani linachungulia. Lilikuwa la kushoto. Nikamgeuza amtazame babu, akarudia, likawa la kushoto. Nikampa boksi lenye tundu, la kushoto tena. Anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia, na kaka alimfundisha kuvuta kwa kulia, kwa hiyo kila alipolenga, jicho lake lenye nguvu lilikuwa mbali na mshale. Mishale yake mingi ilikuwa inapita upande mmoja wa mnazi, na kaka akaita hiyo kutosikia.

Walimu wa upinde hawakubaliani wote juu ya hili. Wapo wanaosema fuata mkono, ufumbe au ulizibe jicho. Mimi kwa mtoto mdogo ambaye bado hajazoea upande wowote nafuata jicho, kwa sababu mkono hufundishika, na mtoto anayefumba jicho moja hukunja uso mzima na bega likafuata. Nikasema atavuta kwa kushoto.

Bibi akaweka chini ungo wake.

"Maalim, huyu nimemtoa kushoto tangu anaanza kujilisha. Leo wewe unamrudisha?"

"Hapana bibi. Kula ni kulia kwake, kuandika kulia, kutoa na kupokea kulia. Huu ni wa kuvutia uzi tu."

"Na huo mwengine unafanya nini?"

"Ndio unaoshika upinde, bibi. Wa kulia."

Alinyamaza kidogo, akamwambia mtoto asimame aoneshe. Mtoto akanyoosha mkono wa kulia mbele kama ameshika upinde, wa kushoto ukaja shavuni. Bibi akamtazama juu mpaka chini.

"Basi wa kulia ndio umetangulia," akasema, akaurudia ungo wake.

Pingamizi lake la pili, la mtoto wa kike, lilihitaji zaidi ya hapo, na sikutaka kulijibu kwa maneno matupu. Nilimwonesha kwenye simu picha ya Zahra Nemati wa Iran, amevaa hijabu, yuko kwenye kiti cha magurudumu, ameuvuta upinde mpaka kidevuni. Mwanamke huyu alichukua dhahabu ya Paralimpiki London mwaka 2012, na mwaka 2016 huko Rio alishindana kwenye Paralimpiki na kwenye Olimpiki ile ile ya wasio na ulemavu. Bibi aliitazama muda mrefu. Swali lake lilihusu nguo: uzi haunasi kwenye ushungi? Hilo ni swali la mtu anayejua kazi, na ndilo wanaume wa nyumba ile, nami nikiwemo, hatukuwa tumelitaja. Uzi hunasa kweli. Mtandio wa mtoto ulikuwa unaning'inia kifuani na mikono ya gauni lake ilikuwa mipana. Bibi mwenyewe akashona kizibao cha kitambaa kizito cha kubana mtandio kifuani, na fundi viatu wa sokoni akatukatia kipande cha ngozi chenye mikanda miwili cha kufunga ndani ya mkono ulioshika upinde. Tangu siku hiyo bibi hakuuliza tena habari ya wanawake na pinde.

Babu alikuwa amesubiri zamu yake. Amefundisha chuo cha Kurani maisha yake yote, na alikuwa na lake la kuwaambia waliomo. Alikumbusha hadithi ya Ukba bin Amir iliyomo katika mkusanyiko wa hadithi wa Muslim, kwamba Mtume (SAW) akiwa juu ya mimbari alisoma aya ya kuandaa nguvu, akasema mara tatu kwamba nguvu ni kurusha mishale. Kaka akadakia ile kauli ya kufundisha watoto kuogelea, kurusha na kupanda farasi. Babu akamsahihisha: hiyo watu huinasibisha na Sayyidna Omar, na ikisemwa kuwa ni ya Mtume isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu, zilizo sahihi zinatosha. Nilipenda alivyolitenga hilo, maana kauli hiyo huzunguka kila inapotajwa michezo na hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Kilichonisaidia zaidi kilikuwa ni hadithi nyingine mbili. Moja ni ya Abu Musa, kwamba apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake asije akamdhuru mtu. Ya pili ni ya Ibn Omar aliyewakuta vijana wamemfunga ndege wanamlenga, akawaambia Mtume amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Kaka alitazama chini. Baadaye alikiri kwamba tetere na kuku wa jirani walishatajwa. Nikaona nisitunge kanuni zangu. Ya kwanza katika uwanja wetu ikawa mshale hubebwa ncha imefichwa kiganjani, na ya pili kwamba hakilengwi kinachopumua. Mtoto aliyezaliwa nyumba ya mwalimu wa chuo anazishika hizo haraka kuliko agizo lolote la mwalimu wa michezo.

Mahali palikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Shida ya ua wao ilikuwa ni kile kilichoko nyuma ya shabaha: njia ya watu. Pemba haina uhaba wa vilima, na nyuma ya shamba lao la mikarafuu pana kingo ya udongo iliyosimama, ndefu kuliko mtu mzima. Tukaipa shabaha mgongo wa kingo hiyo. Mshale ukikosa unaingia kwenye udongo, na hakuna mtu anayetokea juu bila kuonekana mapema. Shabaha tukaifanya kwa gunia la karafuu lililojazwa usumba na matambara, likashindiliwa kwa miguu mpaka likawa gumu, likaegemezwa kwenye kingo chini kabisa. Shina la mti halifai kamwe. Linauzuia mshale kwa ghafla, na mshale mwepesi hurudi kwa mrushaji. Jua tuliliweka ubavuni, kwa sababu nafasi pekee aliyonayo mtoto jioni ni kati ya kutoka chuoni na magharibi, na jua la saa hizo likiwa usoni mtoto hafungui macho.

Sasa filimbi, na hapa ndipo ningetaka wazazi wasome polepole.

Watu huniuliza umri. Marekani kuna programu ya upinde maskulini iliyoanzia jimbo la Kentucky mwaka 2002, nayo huanza na watoto wa darasa la nne, yaani wa miaka 9 hivi. Ni umri wa busara kwa darasa zima na mwalimu mmoja. Kwa mtoto mmoja na mtu mzima mmoja, miaka 7 inawezekana, na hata chini yake, ikiwa mtoto akiambiwa simama anasimama. Asiyesimama hayuko tayari hata akiwa na miaka 12. Kwa hiyo hicho ndicho nilichokipima kwanza, bila upinde.

Ishara nilizotumia ni zile zile za mashindano ya kimataifa. Milio miwili, nenda kwenye mstari. Mmoja, rusha. Mitatu, kachukue mishale. Mitano na zaidi, acha kila kitu, kuna hatari. Tulichora mstari kwa kijiti, tukawaita binamu wote waliokuwa na hamu ya kuja kutazama, na tukacheza. Mikono mitupu, wanajifanya wanavuta, nami napiga. Mara ya kwanza waliposikia mitatu walitimka mbio kwenye gunia, wakarudishwa wote, maana uwanjani hakuna kukimbia. Anayekimbilia mishale iliyochoma gunia anakimbilia fimbo zilizomwelekea machoni. Nikaanza kuwatega: miwili, mmoja, kisha mitano papo hapo wakiwa "wamevuta". Mtoto wetu alikuwa wa kwanza kugundua kwamba mitano haimaanishi kuachia. Maana yake ni kulegeza uzi taratibu ukiwa bado unaushika, kisha kuushusha upinde. Aliwafundisha wenzake mwenyewe, kwa ukali ambao bibi alisema ni wa mama yake.

Hapo ilianguka ile hukumu ya pili ya kaka, kwamba hasikii.

Wakati huo ami alikuwa ameshapigiwa simu. Niliogopa atachukia, na kweli hakufurahi. Alisema aliuchagua upinde mkubwa makusudi, mtoto aukulie. Namwelewa; nguo ya Idi sote tunainunua kubwa kidogo, na mtoto akaivaa mwaka wa pili. Upinde haukubali hivyo. Mtoto anayevaa nguo kubwa anaonekana mzembe kidogo tu, ila anayevuta upinde mkubwa anajifunza kuvuta vibaya kila siku anayovuta, na akija kuutosha upinde, mwili wake umeshazoea upotovu. Nilimwambia ami tunataka wa inchi 48, wa mbao, ratili 10, na uwe wa kushikwa kulia. Alicheka aliposikia mambo ya jicho, akasema na yeye atajipima.

Kungoja msafiri wa kuuleta hakukuwa hasara. Waturuki wa zamani walikuwa na upinde mlegevu ulioitwa kepaze, ambao mwanafunzi aliuvuta tu, bila mshale na bila kuuachia, mpaka mwili ujue njia. Sisi tulitumia ukanda wa mpira wa ndani ya tairi la baiskeli, ule ule wa manati, tukaufunga kitanzi. Mtoto anasimama ubavu kwa shabaha, miguu upana wa mabega, anausukuma mkono wa kulia mbele, anavuta kwa vidole vitatu vya kushoto mpaka kidole cha shahada kiguse pembe ya mdomo. Anakaa hapo kidogo. Analegeza polepole. Kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza kiwiko cha mkono wa mbele kitazame nje badala ya chini, na dawa yake ilikuwa kumwambia asukume ukuta kwa kiganja, kisha azungushe kiwiko bila kukisogeza kiganja. Alilijua hilo ukutani kabla hajalijua hewani.

Upinde mdogo ulipofika, tulianza mita tatu. Gunia tupu, bila karatasi, bila duara. Kaka aliona aibu kwa niaba yetu sote: mita tatu, mtu si anafika kwa kutema mate? Nikamwambia kwenye Olimpiki wanarusha mita 70, na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2, na hakuna aliyefika huko kwa kuanzia huko. Sababu ya gunia tupu ni kwamba mtoto akiona duara anaanza kutazama mshale umekwenda wapi, anachungulia kabla uzi haujatoka vidoleni, na upinde unamfuata macho. Akiwa hana cha kupata alama, anabaki na mwili wake.

Vidole vyote vitatu nilimwekea chini ya mshale, si kimoja juu na viwili chini kama wakubwa wanavyofanya. Hivyo mshale unasogea karibu na jicho, na vidole vidogo havibani tako la mshale mpaka likaruka kwenye uzi. Unyoya wenye rangi tofauti hutazama nje, mbali na upinde. Mishale mitatu kwa zamu, kisha filimbi, kisha tunatembea. Kuichomoa ni mimi, nimesimama pembeni, kiganja kimoja kimebana gunia, na mtoto yuko nyuma ya mstari mpaka niseme njoo. Dakika 20, basi, hata akilia anataka zaidi. Hasa akilia anataka zaidi, kwa sababu mtoto aliyechoka anarudia makosa yale yale ya upinde mkubwa.

Mshale wake wa kwanza uliingia gunia chini kabisa, karibu na ardhi. Wa pili juu yake kidogo. Hakushangilia, aligeuka kumtazama babu, kisha akaniuliza kama kiwiko kilikuwa nje.

Limebaki jambo la kaka, na nadhani kisa chote kilikuwa kimeegemea hapo. Nilipokuwa nawapima mikono nilimpima na yeye, kwa kisingizio cha kuonesha namna ya kutumia futi. Sentimita 168. Mvuto wake ni kama inchi 26, na upinde wa inchi 68 wenye ratili 24 ndio hasa ambao ningemchagulia kijana wa umri wake anayeanza. Upinde wa ami haukuwa mbaya hata kidogo, ulitumwa kwa mtu asiye wake. Kaka alikuwa akiutazama kila siku mikononi mwa mdogo wake, akiufundisha, akiusahihisha, akiukatia mishale, na hakuna aliyemuuliza kama naye anautaka. Ukali wake wa kufundisha nausoma hivyo. Nilimwambia mama pembeni, sikutaka kumwaibisha kijana. Mama alisema, "Mbona hakusema?" Kijana wa miaka 15 ataombaje zawadi ya mtoto wa miaka 7?

Jibu lilimtoka mtoto mwenyewe. Upinde mdogo ulipofika alimwambia kaka yake achukue ule mkubwa "kwa sababu unanigonga goti", akaongeza sharti kwamba filimbi abaki nayo yeye siku ambazo Maalim hayupo. Sharti hilo mama alilikataa, na mimi nililikataa pia: siku ambazo Maalim hayupo hakuna upinde. Sasa pinde zote mbili zinakaa juu ya kabati lile lile, zimevuliwa nyuzi. Mishale iko chumbani kwa babu. Kutoa kimoja bila kingine hakuna maana, na kuvipata vyote lazima wakubwa wawili wakubali.

Mama ameuliza lini mtoto atarudi nyuma hadi mita tano. Nimempa kipimo cha kuangalia mwenyewe: mishale sita iingie gunia ndani ya upana wa sahani ya chakula, na katika zamu hizo zote nisiwe nimemkumbusha kidole pembeni mwa mdomo hata mara moja. La jicho nitalipima upya baada ya masika, kwa sababu kwa watoto wa umri huu wapo ambao bado hawajatulia upande. Binamu wanne nao wanataka kuingia. Nimemwambia mama kwamba kwa sasa aingie mmoja tu, yule mkubwa wao, na aanze na mpira wa baiskeli.